Kriketi mpya inatoka Novemba: mrushaji wa taratibu atapata haki yake safari hii?

VipuriMwembeTayari

Salaam aleikum nyote. Nina swali moja tu, lakini nitalizunguka kidogo kabla sijalifikia, mnivumilie.

Cricket 26 ya wale watengeneza gemu Big Ant wa Melbourne inatoka Novemba 2025, Ashes, ule mfululizo wa mechi za Australia na England, ikikaribia kuanza kule Perth. Mpwa wangu ana PS5 na ameshaniuliza mara tatu kama nitachanga nusu. Kriketi yenyewe haimhusu ndewe wala sikio. Hesabu yake ni kwamba nikichangiwa hii, na mimi nitakuwa na deni la kuchanga ile ya mpira wa miguu.

Mimi na gemu za kriketi tumetoka mbali. Nilianza na ile ya Brian Lara kwenye kompyuta ya saiba moja Digo Road, unalipa kwa nusu saa na ukitolewa mapema umekula hasara. Leo kompyuta ya dukani kwangu bado ina Cricket 07 ya EA. Richie Benaud anatangaza, mteja anauliza bei ya breki za tuktuk, na mimi nawajibu wote wawili. Kila ikisikika mpya inakuja, nachangamka kama mtoto aliyeambiwa mwezi umeandama. Halafu ikifika naifanyia mtihani mmoja tu.

Mtihani wenyewe ni Aasif Karim.

Vijana huenda hamumjui. Ni mzaliwa wa hapa Mombasa, nahodha wa Kenya Kombe la Dunia 1999, kisha akastaafu. Tenisi pia aliichezea Kenya, mpaka Davis Cup. Mwaka 2003 wakamwita arudi akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi, Durban, tunacheza na Australia ile iliyokuwa ikila kila mtu. Nilikuwa na miaka 18, nimesimama mlangoni mwa hoteli ya chai kwa sababu ndani hakuna pa kukaa. Brett Lee alikuwa ametufyeka watatu kwa mipira mitatu mfululizo, tukaishia mikimbio 174, ndizo pointi za kriketi. Waaustralia wakaanza kupiga kama wana basi la kuwahi. Hapo ndipo akaja mzee Karim na mpira wake wa pole pole, hatua chache, mkono wa kushoto, mpira hauzunguki hata wa kukutisha.

Ova 8 (ova moja ni mipira sita) na mipira miwili. Ova 6 kati ya hizo hakutoa hata mkimbio mmoja. Jumla mikimbio 7, wiketi 3, yaani wapigaji watatu aliowatoa, nahodha wao Ponting akiwa wa kwanza kati yao, mguu mbele ya zile fimbo za wiketi. Mechi tulishindwa, na bado mchezaji bora wa siku alikuwa yeye. Mwenye hoteli, ambaye hadi siku ile alidhani kriketi ni mchezo wa Wahindi wa Ganjoni, alitupa chai ya bure.

Sasa kila gemu mpya mimi namtengeneza Karim, namsimamisha mbele ya Australia, nahesabu. Na kila gemu inamgeuza mzee wa watu kuwa ngoma ya kupigwa. Kuna moja, jina nalihifadhi, alitoa mikimbio 22 katika ova moja, na mpira mmoja ulipaa mpaka kamera ikaupoteza. Kompyuta haijui kusubiri. Ikiona mpira wa taratibu inaona karamu.

Swali langu ndilo hilo: yupo aliyefuatilia vionjo vya hii mpya kwa makini akaona dalili kwamba safari hii mpigaji wa kompyuta atakuwa na woga kidogo, na hasira kidogo akibanwa? Mimi nilichokiona ni watu kupiga sita, mpira unaruka mpaka nje ya mpaka, na moshi wa fataki. Nilipe mapema, au nisubiri?

FundiKisutu

Mkuu, usilipe mapema. Nakwambia kama fundi na kama mtu aliyeungua.

Tatizo la gemu za kriketi ni kwamba zinafungwa kamba na kalenda ya mechi. Ashes ikianza, lazima gemu iwe sokoni, imeiva haijaiva. Kumbuka Ashes Cricket 2013. Ilitakiwa itoke katikati ya mwaka, ikasogezwa, mwishowe ikapanda Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, mwezi wa 11. Haikumaliza wiki nyingi pale, wakaiondoa na watu wakarudishiwa hela zao. Ilikuwa mbichi kabisa. Mwaka 2021 nayo Cricket 22 ilikuwa na picha ya Tim Paine kwenye jalada, jamaa akajiuzulu unahodha siku chache kabla ya gemu kutoka, ikabidi waisogeze hadi tarehe 2 Desemba wabadilishe jalada. Sijawahi kusikia gemu ya mpira wa miguu ikasubiri mtu mmoja namna hiyo.

Kwa hiyo subiri. Wiki sita hivi, waachie Waaustralia na Wahindi waijaribu, apdeti mbili tatu zitoke. Na bando lako ulipige hesabu, maana hizo apdeti siyo za kushusha kwa bando la chuo.

Ila kuhusu Karim wako, ngoja nikuulize kitu: unamchezesha mechi ya ova ngapi?

VipuriMwembeTayari

Ova 20. Nina duka la kufungua.

FundiKisutu

Basi mkuu unamwonea mwenyewe, usisingizie gemu. Ukiiambia kompyuta ina ova 20 na wiketi 10 mkononi, kwa nini isubiri? Hata Ponting mwenyewe asingesubiri. Siku ile Durban Australia walikuwa wanafukuza 175 kwa ova 50. Muda walikuwa nao wa kumwaga. Mtu mwenye muda ndiye anayeanza kucheza kwa adabu, na adabu ndiyo iliyowaua. Weka ova 50 kamili, halafu uje hapa.

AbuSalim_Ruwi

Yakhe, mimi niko Maskati, mwaka wa kumi na tisa huu. Hapa Ijumaa asubuhi kila uwanja wa kuegesha magari ni uwanja wa kriketi. Wafanyakazi wa Kipakistani na wa Kihindi wanaufunga mpira wa tenisi kwa utepe wa umeme, ndoo ndiyo wiketi. Mimi niliyetoka Unguja na mpira wangu wa miguu nimefundishwa na hao. Usiku tunahamia kwenye PlayStation, watu sita chumba kimoja, na ugomvi wake ni wa leseni kwanza kabla ya kurusha mpira. Waaustralia na Waingereza wanakuja na sura zao na majina yao. Wahindi hawapatikani kwa leseni kamili, basi mnakuta kikosi cha India kina majina hata mama zao hawayajui. Rafiki zangu wa Kerala huuma meno. Inabidi tushushe vikosi vilivyotengenezwa na mashabiki, na mashabiki hao, Mungu awalipe, huwa wameshamaliza kazi siku ya pili.

Sheikh Vipuri, Karim wako usitegemee umkute. Umtengeneze. Lakini nadhani namna unavyomtengeneza ndiyo kosa. Wallahi nina hakika umempa mzunguko mkubwa.

VipuriMwembeTayari

Nimempa 90.

AbuSalim_Ruwi

Nilijua! Umemtengeneza Shane Warne, yule Mwaustralia wa mpira wa kuzunguka, ukamvika kanzu ya Karim. Mwenyewe umesema mpira wake hauzunguki wa kukutisha. Mzunguko mshushie, usahihi mpandishie hadi juu kabisa. Na ukifika wakati wa kurusha, kile kijiti cha kulia usikizungushe kama unakoroga uji. Zungusha kidogo, sukuma juu, mpira utue pale pale kila mara.

La pili ni wadakaji. Wewe nakuona umewatupa wote mpakani kuogopa sita. Ukifanya hivyo mpigaji anachukua mkimbio mmoja kila mpira, hana shida, hana kiu. Karim alikuwa anawanyima ule mmoja. Walete wanne karibu, wazibe njia za mkimbio mmoja, mpakani bakisha watatu. Utapigwa sita moja au mbili, kubali. Baada ya ova tatu kavu, zisizo na mkimbio, kompyuta nayo huanza kujikuna. Si gemu zote, lakini hizi za miaka ya karibuni hujikuna.

Mimi nami nina langu la kutazama Novemba: kama Oman wamo. Septemba hii ya 2025 tumecheza Asia Cup kwa mara ya kwanza, tumefungwa, sawa, lakini tumecheza.

SitaTuu

Wajomba mnachosha. Mtu analipa hela ya PS5 aje kutazama mzee akirusha mpira usiopigwa? Sita ndiyo kriketi. Mimi nasubiri viwanja vipya na taa za usiku.

Nsambya_Opener

Kiswahili changu ni cha Kampala, msinicheke. Wewe SitaTuu, umeshawahi kumsikia Frank Nsubuga?

Juni 2024, Kombe la Dunia la T20, yaani la ova 20, Guyana. Uganda tunacheza na Papua New Guinea. Nsubuga ana miaka 43, anarusha taratibu, taratibu sana. Ova 4, mbili bila mkimbio, jumla mikimbio 4, wiketi 2. Hiyo ni T20, ile ile ya sita zako. PNG wakaisha kwa 77, na sisi karibu tufe tukizitafuta hizo 78, lakini tukapata. Ushindi wetu wa kwanza wa Kombe la Dunia. Mimi nililia mbele ya wageni. Siku tatu baadaye West Indies wakatumaliza kwa 39, na hapo sikulia, nililala.

Wiki haijaisha mbili, Lockie Ferguson wa New Zealand akarusha ova 4 bila mkimbio hata mmoja kwa hao hao PNG, rekodi ya mzee wetu ikaondoka. Sawa. Lakini huyo ni kijana wa mbio. Nsubuga alikuwa mzee wa kutembea.

Kwa hiyo Vipuri, sikubaliani na Fundi wa Kisutu kwamba ova 20 zinakuonea. Kwa Nsubuga ova 20 zilitosha. Gemu ndiyo haijui. Mimi nikiinunua, kitu cha kwanza ni kumtengeneza Nsubuga.

FundiKisutu

Aisee, hapo umenipiga. Ila kiwanja cha Guyana siku ile kilikuwa kizito, mpira ulikuwa haumfikii mpigaji. Hicho ndicho cha kuuliza: je, gemu inaujua udongo? Ukichagua kiwanja kikavu, kilichochoka, mpira unachelewa kweli au ni rangi tu imebadilika? Mimi hilo ndilo nitalitazama kwenye video za watu wiki ya kwanza. Siyo nyuso, siyo jasho.

VipuriMwembeTayari

Ndugu zangu, nimerudi na ripoti. Jumapili sikufungua duka. Nilikaa na Cricket 07, maana ndiyo niliyonayo, kikosi cha Kenya nilichobandika mwenyewe miaka ile kimo bado, na Ponting yumo na jina lake kamili. Nikaweka ova 50. Karim nikamshusha mzunguko kama alivyosema Abu Salim, nikaleta wanne karibu, roho mkononi.

Ova 10, tatu kavu, mikimbio 29, wiketi 1.

Wiketi yenyewe haikuwa ya Ponting, ilikuwa ya Gilchrist, mpigaji wao mwingine, alikasirika akapiga juu, na mdakaji wangu akaudaka kwa mikono ya mtu anayepokea mtoto. Sijui kama gemu ya 2006 inaweza kukasirika, lakini mimi nilimwona amekasirika. Ponting alikuja akanipiga mipira miwili ya mikimbio minne mfululizo kisha akatulia, na nikaanza kumtolea mpira ule ule, ule ule, pale pale. Mpwa wangu alikuwa amekaa nyuma yangu anasubiri nimalize aweke filamu. Ova ya tatu bila mkimbio akavua spika za masikioni.

“Mjomba, huyu mbona hapigi?”

Nikamwambia hawezi. Akasema anaweza, mpira wenyewe si unakuja pole pole. Nilipomaliza nikaanza mechi nyingine, nikampa kibodi awe Ponting. Akatolewa mpira wa pili.

SitaTuu, huyo ni mwenzako, mtafutane.

Basi sitalipa mapema, Fundi amenitia hofu. Nusu yangu nimeiweka kwenye kopo la boliti namba 10, chini ya kaunta, mpaka apdeti ya pili itoke. Nsambya, ukiwa wa kwanza kuipata, kabla ya Nsubuga nakuomba umrushe Karim ova mbili tu kwa Waaustralia, kiwanja kikavu, wanne karibu. Uniandikie umetoa ngapi.

Nsambya_Opener

Nitakuandikia. Lakini Nsubuga kwanza.