Tumwamini msimulizi wa Cosmos, au tujipimie wenyewe?

Mkazi wa Kirumba:
Ndugu zangu, salaam. Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikitazama na watoto mfululizo wa televisheni wa Cosmos, unaoeleza sayansi ya ulimwengu, ule wa mwaka 1980 wenye sehemu 13 unaosimuliwa na Carl Sagan, nami nakiri umenikosesha usingizi kwa raha. Kinachonivutia ni jinsi anavyosisitiza kwamba neno la mkubwa, hata awe na cheo gani, halitoshi mpaka lipimwe. Juzi, hata hivyo, binti yangu wa darasa la sita aliniuliza, "Baba, na huyu naye tunamwamini kwa nini?" Nilibaki na rimoti mkononi. Je, lipo jambo lolote katika mfululizo ule tunaloweza kulipima hapa Mwanza?

Mwalimu wa Fizikia, Nyegezi:
Lipo, tena limo katika sehemu ya kwanza. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki wa kale, alisikia kwamba huko Siene (Aswan ya leo, kusini mwa Misri), adhuhuri ya siku moja ya mwaka, nguzo hazitoi kivuli, ilhali Aleksandria siku hiyo hiyo kivuli kilionyesha pembe ya nyuzi 7 na kitu, yaani sehemu 1 kati ya 50 za duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo miwili, takriban kilomita 800, kwa 50, akapata mzingo wa dunia wa kilomita 40,000 hivi.

Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini yapata tarehe 14 Machi na 29 Septemba. Simamisha kijiti cha mita 1, ukinyooshe kwa timazi, kisha uweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, kuanzia saa sita mchana. Kivuli kitatoweka kati ya saa sita na nusu na saa saba, kwa kuwa saa zetu hufuata longitudo iliyo mbali mashariki mwetu. Ndugu aliye Dar es Salaam akifanya vivyo hivyo siku hiyo, kivuli chake kifupi kuliko vyote kitakuwa na sentimita 7 na nusu hivi, kikielekea kusini, nacho kitawapa pembe kama ile ya Eratosthenes.

Mzee wa Mwaloni:
Msimulie binti na habari za ziwa letu. Speke, msafiri Mwingereza, alifika Mwanza Agosti 1858, akaliona ziwa kwa upande wa kusini tu, akatangaza kuwa ndilo chimbuko la Nile. (Wenyeji waliliita Nyanza, wala hawakungoja mtu awagundulie.) Burton, mwenzake wa safari, alimkatalia, na alikuwa na haki, kwani hakukuwa na aliyelizunguka hadi msafiri mwingine, Stanley, alipofanya hivyo kwa mashua mwaka 1875. Speke alipatia, lakini hakuwa amethibitisha.

Mpita Njia:
Angalizo moja: toleo la Cosmos la mwaka 2014 linamchora Giordano Bruno, mwanafalsafa wa Italia aliyechomwa moto Roma mwaka 1600, kama mtu aliyeifia sayansi, ilhali mashtaka yake mengi yalihusu mafundisho ya dini. Msimulizi naye ahojiwe.

Mkazi wa Kirumba:
Ahsanteni sana. Timazi nimeazima kwa fundi mwashi jirani yangu, na shemeji aliyeko Temeke amekubali kusimamisha kijiti chake tarehe 29 Septemba. Binti amekwisha kusema kuwa alama ataziweka yeye, mimi nishike saa.