Mrejesho: Pikipiki ya KLR650 baada ya kubadili ekzosi na filta ya hewa

Wakuu, habari zenu. Mtakumbuka niliuliza kwa nini pikipiki yangu, Kawasaki KLR650, baada ya kufunga ekzosi nyepesi na filta ya hewa inayopitisha zaidi, inapasuka pa! pa! kila nikiachia mafuta, na mlimani haina nguvu.

Nilifuata ushauri wa aliyesema nichomoe plagi kwanza nione rangi yake. Nyeupe kama chokaa: hewa nyingi, petroli kidogo. Ili petroli iongezeke, fundi akainua sindano ya kabureta kwa washa (vipete vya chuma) mbili nyembamba, akaongeza jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) saizi moja. Sasa plagi ni ya kahawia, na mlima Kitonga nimepanda na mizigo yote bila kushusha gia kila kona.

Ile milipuko haikuisha palepale. Tulikuta gasketi ya ekzosi (kizibo cha maungio) kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inavuja. Mpya imesaidia sana, ingawa kwenye mteremko mrefu bado naisikia kidogo. Mafuta inakula zaidi kuliko zamani. Kelele nayo ilinishinda, masikio yaliuma baada ya mwendo wa saa tatu, nikarudisha kizuizi cha sauti kwenye ekzosi.

Kutoboa boksi la filta ili hewa iingie zaidi sikuthubutu, kwa vumbi la njia zetu.

Asanteni sana, hasa wewe wa plagi. Umeniokolea injini.