Mwanangu wa kilo 14 "apunguziwe ugali"? Muuzaji wa skuta Kariakoo, leo umenigusa pabaya!

Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala ya Tabata, mikono inatetemeka, makosa ya maandishi mnivumilie.

Mnamjua. Yule wa vitu vya watoto, anayeshinda na kijiti mdomoni kama kala ng'ombe mzima. Simtaji, hakuna haja, kila mzazi mji huu kashapita mikononi mwake.

Nimeenda na mwanangu, miaka mitatu na nusu, kilo 14 kwa kadi ya kliniki, namtafutia skuta yake ya kwanza. Nikasema mapema kabisa: nataka ya tairi tatu, mbili mbele moja nyuma, kibao kipana kilicho karibu na ardhi ili ashuke bila kuruka. Kaniletea ya tairi mbili, nyembamba kama rula. "Ndiyo inayotoka, mama, atazoea." Usukani unamfika mtoto puani! Unatakiwa uishie kati ya kiuno na kifua, huo ukikutana na kokoto unaondoka na meno yote. Nikakataa. Akaleta ya tairi tatu, ina taa, ina muziki, ina kila kitu isipokuwa breki ya nyuma. Nauliza breki iko wapi, ananijibu, "Mtoto mdogo hivyo anakimbilia wapi?" Sisi tunakaa mteremkoni!

Ya tatu ilikuwa na breki, nikalipa 65,000. Mtoto akapanda palepale kwenye marumaru. Hajasukuma hata mara mbili, usukani umechomoka mzimamzima umebaki mkononi mwake. Kile kibano cha kukazia kimepasuka kama biskuti. Mtoto chali, kichwa kimekosa ncha ya kaunta kwa upana wa kidole. Na yeye, badala ya kumwinua mtoto wa watu, anacheka: "Mama, mtoto mzito huyo, mpunguzie ugali."

Mpunguzie ugali! Kilo 14! Boksi limeandikwa mwisho kilo 50, hizo 50 ni za nani, za paka? Nikadai hela yangu, akanionyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Mtoto yuko chini analia, duka zima linacheka, yeye anageuza kijiti upande wa pili. MPUNGUZIE UGALI. Kituoni mwanangu ananivuta gauni, ananiuliza, "Mama, mimi mzito?"

Kijogoo_Temeke: Siti ya mbele. Wa kijiti namjua. Baiskeli aliyoniuzia, pedali ilibaki Ubungo, sisi tukafika Kimara.

Mzee wa Hoja: Pole mleta uzi, lakini umelipa kabla ya kujaribu? Kariakoo hii hii?

Mleta uzi: Mkuu, alisema hakuna kujaribu mpaka nilipe. Na hoja siyo hela, hoja ni ugali.

Dada wa Sinza: Mpeleke FCC, ile Tume ya Ushindani, sheria ya ushindani ya 2003 inamlinda mlaji.

Mzee wa Hoja: Apeleke na nini? Mleta uzi, risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi, unayo?

Mleta uzi: Alisema mashine mbovu.

Mzee wa Hoja: Hahaha. Basi na wewe mashine mbovu.

BabaPacha: Dada, usikate tamaa, ununue nyingine kwa mwingine. Kanyaga kibao kwa mguu, shika usukani, tingisha mbele na nyuma. Ukisikia unacheza kwenye maungio, rudisha. Gusa tairi: plastiki ngumu inateleza na kupiga kelele, tafuta zenye mpira laini kidogo. Nzuri kwa umri huo ni ile mtoto akiegemea kushoto nayo inakata kushoto, mwili unamfundisha wenyewe. Na kofia ngumu, ikae vidole viwili juu ya nyusi, isiangukie kisogoni. Hata Marekani wanashauri wa chini ya miaka 8 asiachwe peke yake na skuta.

Kijogoo_Temeke: Skuta Tabata ataendeshea wapi, kwenye mchanga? Mnunulie mpira.

Mleta uzi: Kuna pevingi ya kanisani, nimeshaongea na mlinzi. Usinibadilishie mada, mwanangu katukanwa.

Mama Wawili: Afadhali skuta. Mimi niliuziwa kile kigari cha kumfundishia mtoto kutembea, kikaserereka naye hadi ngazini, nikamdaka kwa shati. Canada wamepiga marufuku vigari hivyo tangu 2004, kwetu vinaning'inia kila dirisha la duka.

Ndugu Mpangaji: Umetaja dirisha umenikumbusha. Yule fundi aluminiamu mnamjua, kala laki tatu zangu tangu Idi. Nalala na kanga dirishani.

Dada wa Sinza: Mwenye pikipiki nyekundu??

Ndugu Mpangaji: HUYOHUYO!

Dada wa Sinza: Kwangu kaweka fremu fupi, akaniambia ukuta ndio mrefu.

Mleta uzi: Jamani, tunaongelea ugali.

Kijogoo_Temeke: Ugali gani tena? Mwenye namba mpya ya huyo fundi aitupie hapa, ya zamani haipatikani.