Utafiti wa tiba ya unga (heroini) uandike rangi na kabila la mgonjwa?

Mwenye mada: Marekani takwimu za tiba ya waraibu zina safu ya rangi. Saloner na Lê Cook walichapisha utafiti 2013: Weusi na Walatino humaliza tiba kwa kiwango cha chini kuliko Wazungu, na sehemu kubwa ya pengo inatokana na kukosa kazi na makazi. Sasa rangi ya nini? Waulizwe kazi na nyumba, basi.

Binti Salma: Bila safu hiyo pengo ungelijuaje? Kule buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa unga, daktari anakuandikia, unakwenda nayo nyumbani. Methadoni, dawa nyingine ya uraibu huo, unaipangia foleni kliniki. Wazungu wanaipata buprenofini kuliko Weusi, na safu hiyo ndiyo iliyofichua.

Mzee wa Ukerewe: Bongo sensa iliacha kuuliza kabila baada ya 1967 na tumeishi vizuri. Isitoshe kila mtu anajua unga ni ugonjwa wa watu wa Pwani, utafiti wa nini?

Mkisauni: Rudia hapo! Ugonjwa wa watu wa Pwani? Bandari ipo kwetu, ila wanunuzi wako kila mji. Kama sikosei Kenya ilianzia methadoni hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Mathari iko Pwani?

Mzee wa Ukerewe: Usipaniki kijana. Nimetaja Pwani, kabila sikutaja.

Mkisauni: Na Pwani wanakaa akina nani? Mdogo wangu alilala na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, siku nzima, jirani anapita anasema "ndio zao hao." Maneno kama yako ndiyo yanamfanya mtu aone haya kuingia kliniki.

Nesi wa zamu: Jamani. Mimi nakaa dirishani. Mgonjwa anakunywa methadoni mbele yangu, namsemesha nijue kameza, kesho anarudi. Wanaopotea ni wanaopanda magari mawili kufika, au bosi kawachoka kuchelewa. Kabila sijawahi kuliona likimrudisha mtu nyumbani.

Binti Salma: Dada, unawaona waliofika. Wanawake wangapi wanakuja dirishani kwako?

Nesi wa zamu: Wachache mno. Hilo nakubali, na linaniuma.

Mwenye mada: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Tuwaandike kwa nauli, kazi, jinsia…

Mkisauni: Hatuendi popote. Mzee afute kwanza kauli yake.

Mzee wa Ukerewe: Sifuti. Nenda Tanga, nenda Unguja, kaulize.

Mkisauni: Na wa Mwanza nikawaulize nani?