Naomba ushauri: katriji fupi kuliko bomba la shokapu
Wanajamvi, shokapu za mbele za gari langu, zile ambazo bomba lake hufunguliwa juu kwa nati kubwa, zinavuja oili. Nimepata katriji (viini vya shokapu vinavyotumbukizwa ndani ya bomba badala ya vya zamani) za kampuni nyingine zenye kipenyo kinachoingia vizuri, ila ni fupi kwa milimita 15, hivyo nati inakazwa hadi mwisho wa hesi na katriji bado inacheza ndani. Je, ni salama kuweka kipande cha bomba la chuma chini yake, au bomba lenyewe likatwe na kuchomelewa, jambo ninaloliogopa kwa kuwa ndilo linaloshikilia gurudumu na breki? Springi ni za kiwandani. Aidha, nafasi inayobaki pembeni niitie oili kidogo ili kupitisha joto, na kwa kiasi gani?