Mabosi wenye magari ya biashara, acheni kuwasingizia madereva: mafuta mengi yanapotelea kwenye daftari lenu

Wakuu, heshima mbele. Uzi huu una hasira na sitaupaka sukari.

Kila mwisho wa mwezi wimbo ni uleule: bili ya mafuta imepanda, madereva ni wezi, fundi ni mbabaishaji. Ukimuuliza bosi huyohuyo lori lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita, anakutajia pesa. Pesa haikuulizwa! Bei ikipanda bili inapanda hata kama gari linakula vilevile, na bei ikishuka gari bovu linajificha humo miezi mitatu bila kushtukiwa. Asiyeandika lita na kilomita hana haki ya kumwita mtu mwizi, kwa sababu hajui hata kilichoibwa.

Na wanaoandika nao wanaandika ovyo. Kipimo cha kuaminika ni tenki kujaa hadi kujaa. Gari lisimame sehemu tambarare, kama inawezekana kituo kilekile na pampu ileile. Jaza mpaka nozeli ijikate yenyewe. Kama ni dizeli subiri povu litulie, kisha malizia taratibu mpaka ijikate tena. Andika kilomita. Safari ijayo jaza vilevile, toa kilomita za mwanzo kwenye za sasa, gawa kwa lita ulizojaza SASA. Mfano: mara ya kwanza dashibodi inasoma 84,210, mara ya pili 84,742, zimeingia lita 133. Kilomita 532 gawa kwa 133 ni kilomita 4.0 kwa lita. Makarani wengi wanagawa kwa lita za mara iliyopita, halafu wanashangaa gari lilelile leo 5.2 kesho 3.1. Hizo lita za mwanzo zilirudisha mafuta ya safari iliyokwisha, hazihusiki na hii.

Tena usimkamate mtu shati kwa kipimo kimoja. Kosa la lita 3 kwenye ujazaji wa lita 30 ni asilimia 10, kwenye lita 300 ni asilimia 1. Jumlisha mijazo mitatu au minne ndipo uongee. Na kama mmebadilisha saizi ya tairi, rekebisheni hesabu: tairi kubwa kuliko la kiwandani linafanya dashibodi isome kilomita pungufu, gari linaonekana mlafi kumbe halina kosa.

Kuna ujinga mwingine unaofanywa na watu wenye kompyuta kabisa. Wanachukua kilomita kwa lita za kila gari, wanatafuta wastani, wanapeleka kwenye kikao. Chukua lori la kilomita 3 kwa lita na pikapu la kilomita 10, kila moja limetembea kilomita 6,000. Ripoti inasema wastani ni 6.5. Ukweli ni kwamba kilomita 12,000 zimekula lita 2,600, yaani 4.6. Hiyo 6.5 ni ndoto ya mchana.

Kibaya zaidi, hesabu hiyo inawapeleka kurekebisha gari lisilo na faida. Pikapu likitoka 10 likafika 13 watu wanapiga makofi, kumbe mmeokoa lita 138. Lori likitoka 3 likafika 3.5 hakuna anayegeuka kutazama, na hapo zimeokolewa lita 286. Andikeni lita kwa kilomita 100 muone ilivyo. Anzeni na lile linalokula sana na kutembea sana.

Sasa tuje kwenye kinachoudhi kuliko vyote: mgao wa lita kwa safari. Bosi anaamua safari fulani ni lita 180, basi. Mzigo tani 8 au tani 20, lita 180. Jua kavu au matope, lita 180. Kiasi kikibaki, dereva anajua kabisa kwamba safari ijayo kitakatwa, kwa hiyo atakimimina kwenye dumu lake kabla ya kurudisha gari. Mmemfundisha nyie. Kisipotosha, anashuka mlima na nyutro, yaani gari limetolewa kwenye gia, ili afike. Akiua watu mnasema dereva mzembe.

Na hiyo nyutro yenyewe ni uchumi wa kijinga. Injini za kisasa za sindano, yaani zinazopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta ya gari, gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabaki peke yake, inabidi ilishwe ili isizime. Kwenye mteremko unaohitaji kushikiliwa, gia inakula sifuri na inakusaidia kushika gari. Nyutro inakula, inakuachia breki peke yake, na breki za lori zikipata moto sana zinalegea. Mpaka hapo hesabu ya lita haina maana tena.

Haya, sensa za tenki, vile vifaa vinavyopima mafuta yaliyomo na kumtumia bosi taarifa kwenye simu. Nzuri sana, zikifungwa na mtu anayejua. Tenki halina umbo sawa chini mpaka juu, kwa hiyo lazima limwagwe kabisa lijazwe upya kwa hatua, lita 20 kisha soma, lita 20 kisha soma, mpaka lijae. Fundi anaruka hatua hiyo kwa sababu inakula nusu siku, anaingiza ukubwa wa tenki ulioandikwa kwenye kitabu, anaondoka. Kuanzia siku hiyo namba za lita ni za uongo, na lori likiegeshwa kwenye mteremko simu ya bosi inalia "wizi". Halafu joto. Dizeli inapanuka takribani asilimia 0.08 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Tenki la lita 400 likipoa nyuzi 15 usiku, ujazo unapungua karibu lita 5 bila mtu kugusa kifuniko. Kuna madereva wamekatwa mishahara kwa ajili ya hizo lita 5. Aibu.

Wizi upo, sikatai. Lakini unakamatwa kwa kulinganisha vitu viwili ambavyo mtu mmoja hawezi kuvichakachua vyote: lita zilizo kwenye risiti na lita ambazo sensa imeona zikipanda saa ileile. Risiti ya lita 95 kwenye tenki la lita 80 haihitaji mpelelezi, inahitaji karani anayesoma. Injini za dizeli angalieni pia mpira unaorudisha mafuta kwenye tenki. Ukifunguliwa huku injini inaunguruma, mafuta yanatoka polepole yakifanana kabisa na ulaji wa kawaida, hakuna mshuko wa ghafla wa kuwashtua. Wekeni lakiri kwenye maungio yake na mzikague namba.

Upepo wa tairi nao. Kupiga teke tairi si kupima! Magari madogo, kila psi 1 (kipimo cha upepo kwenye geji) inayopungua kwenye tairi zote inapoteza takribani asilimia 0.2 ya mafuta, na si ajabu kukuta gari la kazini likitembea psi 8 au 10 chini. Malori yenye tairi pacha, la ndani halipimwi mpaka lipasuke. Pima kwa geji asubuhi tairi likiwa baridi, na usipunguze upepo wa tairi lenye moto, likipoa litakuwa chini.

Injini kuunguruma gari limesimama: lori kubwa linakula kama lita 3 kwa saa. Saa 2 kwa siku, siku 25, ni lita 150 kwa lori moja. Na nani anayelifanya lisubiri? Mara nyingi ni ghala lenu lenyewe, foleni ya kupakia haina ratiba na dereva haambiwi zamu yake ni saa ngapi. Turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, inahitaji dakika chache za kupoa baada ya kazi nzito, haihitaji saa nzima.

Mwendo nimeuacha makusudi maana kila mtu anausema, ila jueni hesabu yake: kutoka 80 kwenda 100 kwa saa, nguvu ya upepo unaolipinga gari inaongezeka asilimia 56. Ulaji hauongezeki wote kiasi hicho, maana upepo si mzigo pekee wa injini, lakini lori lenye bodi iliyokwenda juu utaliona.

Pesa mnazokata kwenye posho mnazipeleka kwenye sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na vidonge vya kutumbukiza kwenye tenki. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo, na vilivyoonyesha unafuu wowote ni vichache, nao unafuu mdogo. Hata kubadilisha chujio la hewa kila mwezi hakupunguzi ulaji kwenye injini za kisasa, kunarudisha nguvu tu. Kinachokula kweli ni breki isiyoachia. Gari likitembea kilomita 15 bila kufunga breki sana, pima joto la kila ringi kwa kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza bila kugusa. Moja ikiwa na moto zaidi ya mwenzake kwa kiasi kikubwa, hapo ndipo mafuta yenu yanapoteketea. Magari ya petroli ongezeni thamostati (kizibo kinachodhibiti joto la injini) iliyokwama wazi na sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi iliyochoka, zote zinafanya kompyuta imwage mafuta kupita kiasi.

NYONGEZA: Mnaouliza bonasi itolewe vipi. Mfananishe dereva na gari lilelile, njia ileile, mzigo unaokaribiana, kwa miezi mitatu ya tenki kujaa hadi kujaa. Huo ndio mstari. Lita alizookoa chini ya mstari mlipeni sehemu yake kwa pesa taslimu, na mstari usishushwe mwezi unaofuata kwa sababu amefanya vizuri. Mkiushusha, dumu linarudi.

Mwenye jedwali la magari yake aliweke hapa tulichambue. Kama halina safu ya kilomita, mkuu, usihangaike kulipakia.