Prosesa ya Ryzen 5 3600 nimeipandisha hadi GHz 4.2, ramu hazitulii. Mchawi nani, ramu au prosesa?

mwana_sae
Wakuu kwema? Naomba msaada wa wale mnaochezea bayosi, yani mipangilio ya ndani ya bodi. Nina desktopu niliyounga mwenyewe, Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450, ramu GB 16 yani stiki mbili za 8 za DDR4, moja nilianza nayo na nyingine nimeagiza Kariakoo ikaja na basi, zote zimeandikwa 3200 ila kampuni tofauti. Kazi yangu ni video za harusi na sendoff hapa Mbeya, naedit kwa DaVinci Resolve.

Sasa baada ya kuweka stiki ya pili nikaingia bayosi nikawasha XMP, ile ya kuipa ramu kasi iliyoandikwa kwenye boksi, ikasoma 3200, na palepale nikaifunga prosesa 4.2 koa zote (vile vichwa sita vya kazi ndani yake) kwa volti 1.35, ikawaka freshi kabisa. Kipimo cha prosesa cha Cinebench ikapita na maksi zikapanda. Lakini nikiiachia irenda video ndefu inafika katikati inajizima na kujiwasha, au inakuja skrini ya bluu, leo imeandika MEMORY_MANAGEMENT kesho CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, na kilichonitisha zaidi faili za zip nikizifungua inasema zimeharibika, nikirudia ileile inafunguka vizuri. Asubuhi ndo balaa, mnajua baridi la huku mwezi wa saba, naiwasha feni zinazunguka skrini nyeusi, mpaka nizime niwashe tena na tena ndo ishike. Joto haizidi 80 kwahiyo naona halihusiki. Nimepandisha volti ya prosesa mpaka 1.4 hamna kilichobadilika. Niongeze tena au hii stiki mpya ni mbovu niirudishe? Na nina kazi ya watu jumamosi.

chalii_mwanjelwa
Rudisha difolti piga kazi ya watu mkuu, harusi hairudiwi. Kucheza na volti utacheza jumapili.

fundi_kihesa
Kamwene wote. Mwana_sae umewasha vitu viwili kwa mpigo, ndo maana huwezi kujua nani anakuangusha. Na hizo dalili ulizozitaja ni za watu wawili tofauti: CLOCK_WATCHDOG mara nyingi ni koa za prosesa zimekosa volti kwa kasi uliyozipa, ila zip inayoharibika afu ukiirudia inafunguka, hapo ni ramu karibu hakika, maana faili kwenye diski ni zima, imeharibika ikiwa njiani ndani ya ramu. Kuongeza volti ya prosesa hakutibu ramu hata uende 1.5, unachoma tu.

Kabla ya yote, mafaili ya wateja yahamishie diski ya nje na uichomoe. Ramu isiyotulia haiishii kuzima mashine, inaandika uchafu kwenye diski kimyakimya, unakuja kugundua video ya maharusi ina mistari ya kijani wakati memori kadi ulishaifuta siku nyingi.

Sasa prosesa irudishe difolti kabisa, usiiguse mpaka ramu zitulie. Angalia stiki zimekaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, bodi nyingi za sloti nne zinataka hivyo. Weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, washa mashine kwa hiyo flashi, maana ukipima ukiwa ndani ya Windows na ramu inakosea unaweza kuiharibu Windows yenyewe. Ile ya bure inaishia raundi nne, zinatosha kwa kuanzia. Pima stiki mojamoja na XMP ikiwa imewashwa, ukiona kosa hata moja imefeli, hakuna cha "kosa moja sio mbaya". Halafu ziweke zote pamoja upime tena.

Nakubashiria mojamoja zitapita na pamoja zitafeli. Stiki mbili za kampuni tofauti hata kama zote zimeandikwa 3200 CL16 (CL ni mizunguko ramu inayosubiri kabla ya kujibu) ndani zinaweza kuwa na chipu tofauti, na zile taiming ndogondogo ambazo hukuziona kwenye boksi, kama tRFC, kila moja inataka yake, sasa bodi inabidi iziendeshe zote kwa namba zilezile. Kampuni ilizipima zinazouzwa kwa pamoja, za kwako zimekutana kwa mara ya kwanza mezani kwako. Hapo una njia mbili, ushuke kasi au uongeze volti kidogo. Volti ya ramu kwa XMP ni 1.35, unaweza kwenda 1.38 mpaka 1.4 bila presha. Volti ya SoC, hiyo ndo inayolisha kidhibiti cha ramu ndani ya prosesa, weka 1.1 kama bodi imeiacha chini, usipite hapo bila sababu. Zikikataa shuka 3000 au 2933. Usione aibu, huo sio mwisho wa dunia.

volti_juu
Fundi unamtisha bure. Mi 3600 yangu nimeifunga 1.45 mwaka wa ngapi sijui huu inapiga kazi tu. Na wewe upo Mbeya baridi lote hilo, sisi wa Dar tungesemaje? Piga 1.45 isogeze 4.3 ramu acha XMP, shida itaisha.

fundi_kihesa
Volti_juu kaka, nakubali ukiiacha difolti utaiona 3600 inagusa 1.45 yenyewe, hata zaidi kidogo, na watu wengi ndo wanadanganyika hapo. Ile inapiga hivyo koa moja au mbili zikiwa na kazi nyepesi, ikibebeshwa koa zote sita inashusha yenyewe volti. Wewe ukiifunga 1.45 unailazimisha ibaki hapohapo hata koa zote zikiwa zinarenda na ampea zimejaa, na hizi za nanomita 7 zinachakaa, leo inashika 4.2 kwa 1.35 baada ya muda inataka 1.4 kwa kasi ileile. Ukitaka kuifunga kabisa usipite 1.3 na kidogo.

Na hapa nimuulize mwana_sae, hiyo 4.2 unaitafutia nini? 3600 kiwandani ni 3.6 ikitulia na 4.2 ikibusti, kwahiyo ukiifunga koa zote 4.2 kwenye kazi ya koa moja hujapata kitu, kwenye kurenda umepata kamgawo kadogo tu kwa joto na luku ya kutosha. Washa PBO, ile ya prosesa kujipandisha yenyewe, muachie mashine ihesabu. Kwa Ryzen hela ipo kwenye ramu, maana ile Infiniti Fabriki inayounganisha vipande ndani ya prosesa inakwenda na kasi ya ramu, ramu ya 3200 fabriki inakuwa 1600, ya 3600 inakuwa 1800, zinakwenda sambamba. Ukiziacha 2133, yani bila XMP, ndo umeifunga breki.

neema_mafinga
Naongezea kwa kaka fundi, mambo mawili.

La kwanza hii ya asubuhi kugoma kuwaka. Kila mashine inapowaka bodi inafanya kama mazoezi na ramu, inajaribu namba kidogokidogo mpaka izielewe, sasa ramu zikiwa zipo pembezoni kabisa mwa uwezo wake, usiku umelala kwenye nyuzi 8 au 9 za chumba kisicho na moto, asubuhi hesabu inakuwa tofauti na ya jana jioni. Huku Mafinga naliona sana hili. Kwahiyo usipime jioni mashine ikishachemka ukasema imetulia, ipime na asubuhi ikiwa ya baridi kabisa, zima swichi ya pawa nyuma lala nayo hivyo. Na pia upande wa pili upime ikiwa na joto, maana kuna chipu za ramu zinakosea zikipata moto, na wewe ukirenda kadi ya grafiki inapulizia joto humohumo ndani ya keisi.

La pili kwa Volti_juu, baridi la Nyanda za Juu lisikudanganye sana. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar kwa kama asilimia 15, feni inapuliza ujazo uleule ila hewa yenyewe inabeba joto kidogo. Baridi inatuokoa, haitupi ushindi wa bure. Ile feni ya Wraith Stealth inayokuja kwenye boksi ni ya kazi ya wati 65, ukianza kulazimisha volti inaanza kupiga kelele kama mashine ya kusaga.

Halafu mwana_sae ukiwa bayosi tafuta kitu kinaitwa Gear Down Mode kiache kimewashwa, kinasaidia sana ramu kutulia. Ila ujue kikiwashwa CL ya namba witiri inapandishwa, ukiandika 15 yenyewe inaweka 16, usije ukadhani bodi ina wazimu.

mdogo_wa_tukuyu
Shkamooni wakubwa, samahani naingilia. Mimi nina OptiPlex ya i7-4790 nilinunua mtumba wa ofisini, nayo naweza kuipandisha? Bayosi yake naona haina hivyo vitu mnavyosema.

neema_mafinga
Marahaba mdogo wangu. Hiyo haipandi. Intel za wakati huo kinachofunguliwa ni zenye K mwishoni, mfano 4790K, na iwe kwenye bodi ya chipu ya Z kama Z97. Yako haina K na bodi yake ni ya ofisini. Angalia tu kama ina stiki moja ya ramu, ukiweka mbili zinazofanana za DDR3 1600 zikafanya kazi pacha utaiona tofauti, na weka SSD kama bado. Badilisha na pesti ya prosesa, ya tangu kiwandani itakuwa imekauka unga.

mwana_sae
Ndaga fijo wakuu. Nimepeleka kazi ya watu kwa difolti kwanza kama chalii alivyosema, ikatoka salama, ndo nikaanza majaribio.

Fundi umebashiri kama ulikuwepo. Stiki ya zamani peke yake 3200 safi, mpya peke yake 3200 safi, pamoja MemTest86 inaanza kutema makosa raundi ya kwanza tu. SoC ilikuwa imejiweka chini ya 1.0 nikaipa 1.1, ramu nikaipa 1.38, makosa yakapungua ila hayakuisha. Nikashuka 3000 kwa CL16 Gear Down imewashwa, imepita raundi zote jioni na asubuhi ya baridi pia, na ile skrini nyeusi ya asubuhi haipo tena. Prosesa nimeacha PBO, sijafunga kitu.

Swali, nikipima kwa Windows sasa natumia nini, na je nihangaike kuirudisha 3200 au 3000 inatosha?

fundi_kihesa
Prime95, programu ya kuibana mashine. Kuna kipimo cha Small FFT, hicho kinaibana prosesa na kashi yake, ramu haiguswi sana, na kuna cha Blend ambacho kinajaza ramu. Kikifeli Small rudi kwenye prosesa, kikipita Small kikafeli Blend rudi kwenye ramu. Kipe Blend usiku mzima. Sambamba fungua Event Viewer utafute WHEA-Logger, kuna makosa mashine inayasahihisha kimyakimya bila kukuonyesha skrini ya bluu, ukiyakuta humo ujue bado haijatulia hata kama inaonekana nzima. Na kwa sababu ulikaa na ramu zisizotulia muda mrefu piga `sfc /scannow` kwenye komandi ya admini, Windows yako inaweza kuwa na mafaili yaliyoliwa.

Kuhusu 3200, piga hesabu: chukua CL zidisha 2000 gawa kwa kasi. 3200 CL16 unapata nanosekunde 10, 3000 CL16 unapata 10.7. Kwenye kurenda harusi hiyo hutaiona kwa macho. Ungekuwa 2133 CL15 hapo ni 14, hiyo ungeiona. Kama roho inakusuta angalia tovuti ya mtengenezaji wa bodi kama kuna bayosi mpya, mara nyingi wanarekebisha jinsi ramu zinavyosomwa, huenda 3200 ikakubali yenyewe. Ila uifanye ukiwa na UPS, umeme ukikatika bayosi ikiwa inaandikwa nusu umepata tofali, bodi nyingi za bei ya chini hazina namna rahisi ya kuirudisha.

volti_juu
Haya fundi nimekuelewa, nimeshusha nami 1.45 yangu. Nimeweka 1.3 ile 4.3 imegoma kabisa, hata 4.2 inasumbua, imeshika 4.1. Zamani 4.2 ilikuwa inashika kwa 1.3 hiihii.

fundi_kihesa
Ndo huko kuchakaa ninakokusema kaka. Iache hapo kwenye 4.1.

chalii_mwanjelwa
Mwana_sae hiyo stiki ya Kariakoo kama unataka kuiuza ukanunue pacha kamili nistue, yangu ni kampuni hiyohiyo na nina sloti moja wazi. Tukutane Kabwe jioni nije na laptopu... utani, najua haiingii, nitakuja na keisi nzima.

mwana_sae
Njoo nayo, ila tuipime kwanza na yako kabla hujatoa hela, usije ukanirudia.